Nukta Kwenye Chupa

Duka la Kavindu pale Kathonzweni liliuza dawa za mifugo, lakini mifugo wenyewe hawakuwa wakiingia mle. Sasa niambie, harufu ya beberu aliyeloa ilitoka wapi, saa sita mchana, jua kali la kupasua kichwa, wakati Kavindu anachagua app ya kukuza maandishi kwenye simu?

Macho yake yalikuwa yamefifia kitambo. Miwani hakutaka kusikia. Angeivaa, watu wangeanza kujiuliza ni tangu lini haoni vizuri, mpaka wafike kwa mbuzi sita wa Mama Ndolo. Basi akaitegemea simu. App ya kwanza ilijaa matangazo hata chupa ya dawa aliyotaka kuisoma haikuonekana. Ya pili iliomba iruhusiwe kuona namba zote za watu wake. "Za nini, unataka kuwasalimia?" Kavindu akasonya, akaifuta. Ya tatu haikuwa na jina la aliyeitengeneza, haikuomba chochote. Akaichukua hiyo.

Akaielekeza kwenye chupa ya dawa ya minyoo, ya aina ile ile aliyomuuzia Mama Ndolo. Maandishi yakavimba. Alikuwa amemwambia yule mama anyweshe kila mbuzi mililita ishirini. Chupa ilisema 2.0. Kati ya mbili na sifuri palikuwa na nukta, na macho yake hayakuwa yameiona.

Nukta ikapepesa, kama jicho.

Kavindu aliiweka simu chini taratibu. Miezi mitatu alikuwa amejiambia labda ni ugonjwa tu. Mbuzi walikufa asubuhi moja, povu mdomoni, na Mama Ndolo alipokuja analia, anauliza kama ni dawa, Kavindu alimkazia macho bila haya. "Dawa haina shida. Angalia huyo bibi ya kijana wako. Si ametoka Kitui? Huyo amekuja na jini." Maneno ya kujiokoa tu, hata yeye hakuyaamini! Kesho yake Nzisa, huyo mke wa kijana, alifukuzwa, mtoto mgongoni, akarudi kwa mama yake kule Tulia, Kitui. Tangu siku hiyo Kavindu akisimama kwenye kwaya, anachezesha midomo tu.

Alifuta app. Ikarudi. Akazima simu, nayo ikawaka yenyewe, na juu ya mabati kwato zikaanza kutembea, ko, ko, ko, zikitoka upande wa mlango zikija polepole mpaka juu ya kichwa chake, na ile harufu ikazidi hadi ikamkaa ulimini, na ndani ya simu ile nukta ikafunguka yote, ikamtazama, na sauti ikatoka pale, ya upole, kama ya mteja aliyekuja kuuliza bei.

"Mama wa duka. Ulisema mimi ndiye niliua mbuzi."

"Yalikuwa maneno tu," Kavindu akanong'ona. "Sikujua uko."

"Sikuwa karibu. Umeniita, nimekuja. Ulisema ninakaa kwa nani?"

Kavindu akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Akanyakua chupa na simu, akaacha duka wazi, akakimbia mpaka kwa Mama Ndolo. Alimkuta uani akipepeta ndengu.

"Mama Ndolo, ni mimi niliua mbuzi zako. Nilisoma dawa vibaya. Nzisa hana jini, hajawahi kuwa nayo. Nilidanganya."

Ungo ukaanguka.

"Miezi mitatu, Kavindu? Miezi mitatu unanipa mkono kanisani?"

"Niliogopa. Nisamehe, mama."

"Usiniombe mimi. Mpigie huyo msichana. Sasa hivi, nikisikia."

Kavindu akatazama simu. Ile app haikuwepo tena. Harufu nayo ilikuwa imeisha, akapumua vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Nzisa, ni Kavindu wa dawa. Nilikusingizia. Mbuzi waliuawa na makosa yangu, wewe huna jini. Rudi nyumbani, mama mkwe wako anakuita."

 Mtoto alisikika akicheka karibu na simu.

"Mama Kavindu," Nzisa akanong'ona, "mbona hukupiga jana? Miezi mitatu nimelia nikiwaambia watu sina jini. Ameingia saa hii, ananuka beberu. Anasema alikuuliza anakaa kwa nani, na wewe ukataja jina langu. Amebeba mtoto, na mtoto hataki kurudi kwangu."