Ombi Lisilo na Jina

Ombi lile lilikuwa la kwanza asubuhi hiyo, nalo halikuwa na jina. Karani wa masjala katika ofisi ya mawakili hakuwa hata amekaa vizuri kitini, mfumo mpya wa kutunza nyaraka ukamwambia kuna mtu anaomba akaunti. Jina, hakuna. Picha, kivuli cha kijivu. Kitengo, masjala. Na masjala nzima ilikuwa yeye peke yake.

"Huyu ni sekretari," alijisemea. Tangu karani akabidhiwe mfumo, sekretari alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni, na salamu zake zilikuwa za mdomoni tu. Bila shaka alitaka kuchungulia majalada yasiyomhusu.

Siku nyingine angelikataa ombi lile. Leo roho yake haikuwa pale. Binti yake alikuwa amebaki nyumbani na homa, jirani akipita kumjulia hali. Kwa hasira za haraka akaona bora amtege mbaya wake. Akabonyeza "Karibisha". Mfumo ukauliza mtumiaji apewe ruhusa zipi. Kujaza moja moja ni kazi ya kutwa, kwa hiyo akafanya alivyozoea kwa wafanyakazi wapya: akaiga mipangilio ya akaunti yake mwenyewe, yote, mpaka anwani ya nyumbani. Afungue atakacho; mfumo huandika kila kinachofunguliwa, akifungua tu amekwisha.

Hakunaswa mtu. Ila harufu ya nywele zilizoungua ilianza kutoka chumba cha masjala ya zamani, kilichobaki rafu tupu tangu majalada yote yaingizwe kwenye mfumo. Kisha mlango wa chumba hicho ukagongwa, kutokea ndani.

Karani akasonya. "Toka huko, shoga, nimeshakujua!"

Akausukuma mlango. Rafu za chuma, vumbi, na baridi isiyo ya saa zile. Aliporudi mezani, kwenye picha ya mgeni kile kivuli kilikuwa kimepata kisogo, na kisogo kilikuwa na kilemba cha manjano. Akajishika kichwa. Kilemba alichovaa yeye ndicho hicho. Akageuka haraka, nyuma yake ukuta mtupu.

Sekretari akaingia, mkoba ungali begani.

"Umeanza lini mchezo huu?" karani akamvaa.

"Mchezo gani, dada? Ndiyo kwanza nafika, natoka kliniki. Muulize mlinzi." Macho yake yakatua kwenye kioo cha kompyuta, na sauti ikashuka. "Dada... ulimkaribisha?"

"Nani?"

"Mzee aliyekuwa masjala kabla yako hakukwambia? Mle ndani ukisikia hodi huitikii, mpaka anayebisha ajitaje jina. Ofisi nzima tunajua. Huyo hana jina, dada. Alikuwa akiishi na majalada."

"Majalada si nimeyahamisha?"

"Ndiyo," sekretari akanong'ona. "Na yeye je?"

Karani akaanza kufuta akaunti ile, akabonyeza na kubonyeza tena, na kila mara mfumo ukamjibu kwamba mtumiaji hawezi kufutwa akiwa kazini, huku picha ikizidi kugeuka, kwanza sikio, kisha shavu, kisha kovu dogo la kidevuni alilolipata utotoni ambalo hakuna picha yake yoyote iliyowahi kulionyesha, hadi uso wake mwenyewe ukawa unamtazama bila kupepesa, na chini yake, palipokuwa pameandikwa masjala, herufi zikafutika moja moja zenyewe, pakaandikwa nyumbani.

Harufu ikakatika ghafla. Hapo ndipo alipoogopa kweli. Akaikwapua simu.

"Mwanangu! Usimfungulie mtu mlango, unasikia? Mtu yeyote!"

Mtoto akacheka kwa uchovu wa homa. "Mama nawe! Si umebisha hodi sasa hivi, ukasema umesahau ufunguo? Nimeshakuitikia karibu."

"Toka nje, mwanangu! Kimbilia kwa jirani!"

Halafu, karibu kabisa na simu, karani akaisikia sauti yake mwenyewe, laini, ile anayoitumia mtoto akiumwa.

"Nani huyo, mwanangu? Kata simu, uje ulale."

Mtoto alikuwa msikivu. Akakata.