Wachimbaji wa Yazd

Bomba la Usumani Ramadhani, fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, lilitoa tope Ijumaa asubuhi. Majirani wote walikuwa na maji safi. Tope la kwake lilinuka kama kaburi lililofunguliwa.

"Mirza," jirani yake Valens alimtania, "babu yako alileta maji jangwani, wewe unashindwa na bomba?"

Walimwita Mirza, jina la heshima la mabwana wa Kiajemi, kwa sababu hakuna mteja aliyetoka dukani bila kusikia habari za Yazd, mji wa Uajemi uliokuwa vumbi tupu mpaka maji yakaletwa kutoka milimani kwa mifereji ya chini ya ardhi, ndipo zikaja bustani, viwanda vya hariri, misikiti na minara ya kunasa upepo. Usumani alidai babu yake mkuu ndiye bwana aliyeyaleta maji hayo. Jana yake, Alhamisi, alisema hivyo tena kwenye khitma ya marehemu baba yake, mbele ya wakwe waliotoka Kabuga.

Ijumaa hiyo ya tope, binti yake Uwase akashindwa kumeza maji. Kila alipokunywa yalirudi. Midomo ikapasuka, macho yakazama; daktari akampima na hakuona kitu.

Mkewe, Mukandekezi, alimwita Shehe Maneno. Baada ya alasiri shehe akafukiza ubani, akasoma. Chini ya sakafu ukasikika mlio wa sururu, taratibu, kisha karibu zaidi, hata vikombe vikatetema kabatini na harufu ya udongo mbichi ikaushinda ubani, na wote waliokuwa chumbani wakajivuta ukutani bila kujua walikuwa wakimkimbia nani. Uwase akafungua kinywa. Sauti ilikuwa ya mwanamume.

"Mimi ni jini; nimekaa katika mifereji ya Yazd tangu ilipochimbwa. Wachimbaji walishuka na nguo nyeupe, ili ardhi ikiwafukia wawe wamekwisha kuvishwa sanda. Niliwajua kwa majina. Aliyelipa aliandikwa ukutani. Waliokufa hawakuandikwa popote. Na wewe, mjukuu wa mchimbaji, unajipa ukoo wa mlipaji. Mtaje babu yako."

"Mtaje, Mzee Usumani," shehe alinong'ona. "Mtoto anakauka."

Usumani aliwatazama wakwe mlangoni. "Babu yangu ni Rugamba," alisema. "Alikuwa msimamizi wa wachimbaji."

Sururu ikagonga kwa nguvu. Uwase akakakamaa, damu ikamtoka mdomoni.

"Msimamizi?" Mukandekezi alisimama. Hakupaza sauti. "Baba Uwase, mtoto anakufa na wewe bado unashona uongo? Mama yako aliniambia yote. Rugamba, mwana wa Mutsinzi, alichimba vyoo vya wenye maduka. Shimo lilimfukia, wakamwacha humo, wakachimba jingine pembeni. Chakula tulichokula hapa kimetoka kwenye jasho lake. Huyo ndiye mkubwa wa nyumba hii, na mimi simwonei haya."

Uwase akakohoa vumbi, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Mama yake akamimina kutoka kwenye jagi la maji yaliyotekwa kwa jirani. Akanywa, akaomba tena. Shehe akanywa, wakwe nao wakanywa, kwa maana kila koo lilikuwa limekauka.

Usumani, ambaye hakuwa ameutamka ukweli kwa kinywa chake mwenyewe, akachukua jagi lile lile, akajimiminia.

Likatoka tope.

Akamwangalia mkewe. Mukandekezi alikuwa akimfuta Uwase midomo, wala hakugeuka.