Meno Themanini na Manne

Ganda la chumvi lilipasuka saa nne asubuhi, katikati ya ziwa lililokauka, kwa mlio kama wa sahani iliyokanyagwa. Pikipiki ya magurudumu manne ilikuwa mbioni. Matairi ya nyuma yaliuma, yakachimba, yakazama, na pua ya mashine ikainuka kuelekea mbinguni. Fundi, aliyekuwa amekaa nyuma ya dereva, alirushwa pembeni akaangukia bega. Alipofumbua macho, mashine ilikuwa imelala ubavu, injini kimya, na mguu wa shemeji yake uko chini ya fremu.

"Shemeji!"

"Nipo," alijibu mume wa mdogo wake. "Ila mguu huu sina hakika kama bado ni wangu."

Fundi alichomoa chuma kirefu cha kufungulia matairi, akakiingiza chini ya fremu, akakilalia kwa uzito wake wote. "Ukisikia nimeguna, vuta." Aliguna. Shemeji akajivuta kwa viwiko huku akiuma kola ya shati lake. Mguu wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti, mahali pasipo na kiungo. Ngozi haikuchanika. Hilo lilikuwa jambo moja la kushukuru, na siku hiyo hayakuwa mengi.

Dumu la maji lilikuwa limepasuka. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Fundi alilikinga tumbo la dumu lile, akapata chupa moja na nusu. Simu zote mbili hazikuwa na mtandao. Nyuma yao walikuwa wameacha saa mbili za mwendo. Mbele, upande wa machweo, kilionekana kilima chenye nundu mbili, na chini yake, kama kilomita ishirini na tano, wafanyakazi wa barabara walikuwa na kambi. Nyumbani hakuna aliyewatarajia hadi kesho jioni.

Alimfunga mguu kama mtu wa kazi yake anavyofunga: vyuma viwili vifupi vya kubandulia tairi vikawa magango, vipande vya tyubu vikawa bendeji.

"Vidole unavisikia?"

"Kama vya jirani."

Akamtandikia kivuli cha turubai, kisha akageukia mashine na kuisimamisha. Matairi ya nyuma yalikuwa yamemezwa hadi kwenye ekseli. Akayatazama. Aliyachagua mwenyewe.

Ilikuwa siku mbili nyuma, karakanani kwake, kwenye sakafu nyeusi ya mafuta. Shemeji alikuwa mkimbiaji wa mashindano, na baada ya wiki mbili mbio zingepita ziwani humu. Alitaka kuijaribu njia. Alikuja na matairi mapana yenye meno mafupi. "Kule ni chumvi tupu, shemeji. Haya yanatosha." Fundi alicheka, akateremsha kutoka ukutani yale yenye meno marefu kama vidole. "Tairi la meno mafupi ni kibogoyo kwenye nyama. Chukua linalouma." Shemeji alisita, kisha akakubali, kwa sababu kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kumwona amekosea. Fundi akayafunga, akayajaza upepo wa kubeba watu wawili, akayabonyeza kwa goti, akasema neno alilolisema kwa kila chombo kilichotoka mlangoni kwake: "Limeshiba." Karakana ile haikuruhusu tairi kutoka na njaa. Ndiyo sifa iliyomlisha. Tena akadandia nyuma, kiti cha mtu mmoja wakabanana wawili, ili akaone kazi ya mikono yake.

Sasa alichimba tope kwa mikono, akawasha injini, akasukuma gesi kidogo. Meno yakang'ata, yakatupa tope, mashine ikashuka kiganja kizima.

"Zima," shemeji alisema kutoka kivulini. "Unachimba kaburi."

Akazima. Upepo ulikuwa umeiviringisha ile chupa ya nusu hatua thelathini, upande ambao ganda lilikuwa jembamba. Alipoifuata kwa miguu, buti lilizama hadi kifundoni. Akarudi, akalala kifudifudi, akatambaa. Ganda lililia chini ya tumbo lake, lakini halikuvunjika. Aliifikia chupa, akabaki amelala pale, shavu kwenye chumvi, akifikiri. Mtu yule yule, uzito ule ule. Akisimama anazama. Akijilaza anapita.

Alitambaa kurudi.

"Hapa pasiumwe," alisema. "Pakanyagwe kwa kiganja."

"Kwa hiyo?"

"Nitayang'oa meno. Halafu nitayatoa upepo mpaka yalale."

Shemeji alimtazama. "Wewe? Utoe upepo?"

"Usicheke."

"Sicheki, mguu unauma. Siku nyingine nitacheka vizuri."

Meno yalikuwa arobaini na mawili kwa kila tairi la nyuma. Alianza na kisu cha kazi, na jino la kwanza likamgomea. Mpira ulikishika kisu ukakibana. Kila fundi anajua kwamba mpira hukatika kisu kikiwa kimelowa. Akaitazama chupa. Mkono wake ulifika hadi kwenye kifuniko, ukarudi. Ndani ya shimo alilochimba, maji ya chumvi yalikuwa yamejikusanya, machafu, machungu kama nyongo, hayafai kwa kinywa cha kiumbe. Akachovya kisu humo. Jino likatoka kama ukoko wa mkate.

Akakata. Chovya, kata, tupa. Jua likapanda juu ya utosi. Chumvi iliingia kwenye michubuko ya vidole ikawaka kama pilipili. Kila baada ya meno kumi alikwenda kwa shemeji, akampa mafunda mawili, akapiga alama ya kucha kwenye karatasi ya chupa, akauliza habari za vidole. Yeye mwenyewe alitia kinywani kifuniko kidogo cha valvu, akakimung'unya ili mate yaje.

Kwenye jino la sitini na kitu, Fundi alishusha kisu.

"Sema tu, shemeji."

"Niseme nini?"

"Kwamba uliniambia."

Midomo ya shemeji ilikuwa imefanya magamba. "Nilikuambia. Halafu nikafunga mdomo, nikapanda. Nani alinishika mkono? Kata, shemeji. Lawama tutagawana nyumbani, kuna kivuli."

Akakata. Jino la themanini na nne lilipodondoka, matairi mapya yalikuwa na vipara vyenye makovu. Ilibaki kazi ngumu zaidi. Alifungua valvu. Upepo ukatoka ukipiga mluzi, naye akajikuta amegeuza uso, kama mtu anayemvua nguo mzazi wake ili amwogeshe. Geji ya upepo ilishuka kutoka kumi na mbili hadi nane, hadi tano, hadi tatu. Tumbo la tairi likatanuka juu ya ardhi kama mkono uliofunguliwa. Akafanya hivyo hivyo kwa yote manne.

Akabandua kiti, akakisukumia chini ya tairi moja, na chini ya jingine akaweka mikeka ya kukanyagia. Akawasha. Gesi kidogo, kidogo, kama anayembembeleza mtoto kulala. Mashine ilitikisika, ikapanda kiti, ikatambaa. Hakusimama mpaka alipofika mahali pagumu, hatua hamsini mbele. Akarudi kukifuata kiti, kisha akamrudia shemeji, akamvuta juu ya turubai, na shemeji akapiga yowe mara moja tu.

"Vidole?"

Safari hii hakuna utani. "Sivisikii."

Fundi alimvua kiatu. Vidole vilikuwa vya baridi, rangi ya risasi. Akalegeza tyubu kidogo, akamkalisha nyuma yake, akajifunga naye kwa tyubu nyingine, mgongo wake ukawa mto. Alikuwa hajawahi kuendesha zaidi ya uani kwake.

"Usikate kona kali," shemeji alinong'ona. "Tairi laini litachomoka kwenye rimu."

"Najua. Hilo ni la kwangu."

Wakaenda mwendo wa mtu anayekimbia polepole, macho kwenye nundu mbili. Ganda lililia, likakubali. Palipokuwa na weusi wa unyevu alianza kuzunguka mapema, kwa duara kubwa, duara lililowalia saa nzima ambayo hawakuwa nayo. Chupa ikaisha. Kichwa cha shemeji kilikuwa kizito mgongoni pake, naye akamsemesha bila kukoma: habari za mdogo wake, za bei ya mabati, za chochote, mradi ajibiwe. Mara mbili hakujibiwa. Mara mbili alimpiga kiwiko.

Jua lilikuwa limegusa kilima walipopanda changarawe. Mwendesha greda aliruka kutoka kwenye mtambo wake, akaitazama mashine kabla ya kuwatazama watu.

"Mama, tairi zimenyolewa, upepo hamna! Nani fundi wako?"

"Ni mimi," alisema Fundi. "Ana kiu. Na mguu haupati damu. Fanya upesi."

Mguu ulipona. Vidole viwili havikupona.

Miezi saba baadaye, shemeji alikuwa ameketi karakanani, fimbo magotini, chini ya tairi kipara lililotundikwa ukutani. Mteja mmoja aliingia na mashine mpya inayong'aa.

"Nifungie yenye meno marefu kuliko yote. Na uyashibishe, nasikia ndiyo sifa yenu."

Shemeji aliangalia dari. Fundi alifuta mikono, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akavuta kigoda.

"Kaa kwanza," alisema. "Unapita wapi?"

"Wewe funga tu, mama, mimi nina haraka."

"Sawa," alisema Fundi, akakaa yeye, geji mkononi. "Nitasubiri uniambie."