Mkalimani wa Bibi Marsiana

Kila asubuhi, kabla hata ya kushika ufagio, Josiane alifunua chungu cha maharage, akachovya kidole na kuonja. Chumvi ikiwa imezidi, alimwaga mchuzi na kuongeza maji upesi, bibi yake asione. Kisha alifunika chungu na kuendelea na kazi zake kama mtu asiye na habari.

Zamani haikuwa hivyo. Kule Burundi, bibi huyo, jina lake Marsiana, alikuwa akiitwa kupika kwenye harusi za kilima kizima, na mkono wake wa chumvi ulisifiwa na kila mlaji. Sasa, katika mwaka wa 1997, waliishi wawili tu kwenye kibanda chenye paa la turubai katika kambi ya Lukole, wilayani Ngara. Bibi alitia chumvi, akainama kupuliza moto, akainuka na kutia chumvi tena. Siku nyingine alipotea akirudi kutoka bombani, mwendo wa hatua mia mbili. Siku nyingine alimwita mjukuu wake Iradukunda. Hilo lilikuwa jina la mama yake Josiane, aliyefariki njiani walipokuwa wakikimbia vita.

Josiane alikuwa na miaka kumi na miwili, na siri hiyo aliibeba peke yake. Hakuificha kwa aibu, aliificha kwa hofu. Rafiki yake Kalista alimwambia walipokuwa kwenye foleni ya maji, "Mimi nimesikia wazee wakichanganyikiwa wanarudishwa Burundi peke yao. Watoto wanagawiwa kwa familia nyingine." Kalista alikuwa na tabia ya kusikia mambo mengi kuliko yaliyosemwa, lakini maneno hayo yalimwingia Josiane moyoni yakakaa. Bibi ndiye ndugu pekee aliyembakia. Wakimchukua huyo, atabaki na nani?

Kilichowapeleka zahanati kilikuwa kidonda. Bibi Marsiana alijikata mguuni kwa jembe, na miezi miwili ilikuwa inakwisha bila kidonda kupona. Mguu ukaanza kuvimba. Asubuhi ya Jumatatu, Josiane alimshika mkono, wakashuka polepole hadi kwenye zahanati ya kambi.

"Shikamoo, daktari," alisema Josiane.

"Marahaba, mwanangu. Bibi anajua Kiswahili?"

"Kidogo sana. Mimi nitatafsiri."

Daktari Ngassa alikuwa Msukuma kutoka Shinyanga, mrefu, mwenye sauti ya upole. Kirundi hakukijua hata cha salamu. Josiane alikuwa amejifunza Kiswahili sokoni kwa akina mama waliouza ndizi, na alikizungumza bila kukwama. Daktari alisafisha kidonda, kisha akamfunga bibi mkanda wa kupimia presha. Aliposoma, alikunja uso.

"Presha iko juu mno. Ngoja nimuulize maswali machache. Mwambie anitajie huu ni mwezi gani."

Josiane akatafsiri. Bibi Marsiana alifikiri, akajibu kwa Kirundi, "Ni wakati wa kuvuna mtama. Mwezi wa sita."

Ulikuwa mwezi wa Novemba na mvua ilikuwa ikinyesha nje. "Amesema Novemba," alisema Josiane.

"Vizuri. Mwulize, wewe ni nani wake?"

Bibi alimtazama Josiane kwa mapenzi, akatabasamu. "Huyu? Huyu ni Iradukunda, binti yangu."

Josiane akamgeukia daktari haraka. "Amesema mimi ni Josiane, mjukuu wake."

Wakati huo aliingia mpimaji wa maabara, mzee mfupi mwenye koti jeupe aliyeitwa Bartholomayo. Alikuja kuchukua damu. Alifunga mpira kwenye mkono wa bibi na kutafuta mshipa, huku daktari akiendelea kuuliza.

"Je, mkono umewahi kufa ganzi ghafla? Au mdomo kwenda upande, kisha ukarudi?"

Safari hii bibi hakusita hata kidogo. "Mara mbili. Mkono wa kushoto. Kikombe kilidondoka, na maneno yakakataa kutoka. Nilikaa chini mpaka yakarudi."

Josiane alikumbuka siku zile mbili. Alikumbuka pia alivyookota kikombe na kuomba Mungu jirani asipite. "Anasema hapana," alijibu. "Yeye analala vizuri, anakula vizuri, hana shida."

Daktari aliandika. Mpimaji alichomoa sindano, akabonyeza pamba, akamtazama Josiane kwa muda kidogo. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Njoo, binti. Kipimo hiki kinachukua saa nzima. Utanisaidia kukitazama, bibi apumzike kwenye benchi."

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kidogo chenye meza moja. Bartholomayo aliivuta damu ndani ya mrija mwembamba wa kioo, akausimamisha wima kwenye kishikio. Akatazama saa yake.

"Unaona? Damu yote ni nyekundu kuanzia juu hadi chini. Sasa chembe nyekundu zitaanza kutua, na juu patabaki maji ya manjano. Kwa mtu mwenye afya zinatua taratibu. Lakini mwili ukiwa na vita ndani yake..."

Josiane alishtuka. Mzee akaliona hilo, akajirekebisha.

"Samahani. Tuseme moto. Mwili ukiwa na moto ndani, chembe zinashikana na kutua haraka."

Walikaa. Mvua ilipiga bati, ikakatika, ikaanza tena. Mzee alifanya kazi zake nyingine bila haraka, na Josiane hakuondoa macho kwenye mrija. Sehemu ya manjano ilizidi kurefuka. Alitamani kuizuia kwa kidole.

Saa ilipotimia, Bartholomayo aliinama, akasoma. "Milimita themanini na mbili. Ni nyingi, hata kwa mzee. Moto upo."

"Uko wapi?" aliuliza Josiane kwa sauti ndogo.

"Ah, hapo ndipo damu inaponishinda. Inaniambia moto upo, hainiambii uko wapi. Unaweza kuwa kwenye kile kidonda tu. Lakini moto wa siku nyingi, pamoja na presha kubwa, unaweza kuharibu pia mishipa midogo ya kichwani. Ikiziba, mtu anasahau, anadondosha vitu. Ili daktari ajue, lazima asikie maneno ya mgonjwa mwenyewe." Alipoendelea, hakuendelea kwa Kiswahili. Alisema kwa Kihangaza, polepole, "Mkono wa kushoto. Mara mbili. Kikombe kilidondoka."

Josiane aliganda. Alikuwa ameamini kwamba watu wote wa makoti meupe wametoka mbali, Mwanza na Shinyanga. Hakufikiri kwamba mmoja wao angeweza kuwa Mhangaza, mzaliwa wa Ngara hiyohiyo, ambaye lugha yake na Kirundi zimekaribiana kama watoto wa mama mmoja. Mzee alikuwa amesikia kila neno la lile jibu la mwisho.

Machozi yalimtoka. Akaeleza yote: chumvi, mwezi wa sita, njia ya bombani, jina la mama yake, na maneno ya Kalista.

"Hakuna anayegawa watoto hapa kwa sababu bibi amesahau mwezi," alisema Bartholomayo. "Lakini umeona ulichotaka kufanya? Daktari angempa dawa za bibi mwingine, bibi uliyemtunga wewe. Wako angebaki bila dawa. Safari ya tatu huenda maneno yasingerudi."

"Utamwambia daktari?"

"Sitakusemea. Mlango ule pale."

Josiane alijifuta uso kwa kiganja, akaenda mwenyewe. Alisema yote, tangu jibu la kwanza hadi la mwisho. Daktari Ngassa hakufoka. Alifuta alichoandika, akaandika upya, akamchunguza bibi mikono, uso na mwendo wake. Akampa vidonge vya presha vya kila siku, dawa ya kidonda, na agizo la kuja kila wiki. "Na chumvi," alisema, "kuanzia leo utatia wewe. Mara moja tu!"

Walikuja kila wiki, na baada ya mwezi mmoja bibi alipimwa damu tena. Kidonda kilikuwa kimekauka na presha imeshuka. Kwenye mrija damu ilitua hadi thelathini na tano tu. Mkono haukufa ganzi tena. Daktari alisema wazi kwamba yaliyokwisha kusahaulika huenda yasirudi yote, ila sasa kuna kinachozuia hali isizidi kuwa mbaya. Halafu akauliza tena, "Huu ni mwezi gani?"

"Wa sita," alijibu bibi.

"Amesema wa sita," akatafsiri Josiane. Ilimuuma, lakini alisema kweli.

"Na huyu ni nani?"

Bibi Marsiana alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu. Bartholomayo alikuwa amesimama mlangoni na mirija yake mkononi, akisubiri.

"Ni Josiane," alisema bibi. "Iradukunda alikuwa mama yake." Kisha akamgeukia mjukuu wake na kidole kimeinuliwa. "Nawe mwambie hivyohivyo nilivyosema. Kile Kiswahili kidogo ninacho. Siku ile nilijiuliza mwezi wa sita umegeukaje kuwa Novemba, ila nilidhani nimesikia vibaya."

Mlangoni Bartholomayo aliangua kicheko, na Josiane akacheka huku machozi yakimlengalenga. Bibi alimvuta karibu, akamshika mkono kwa ule mkono wake wa kushoto.

"Mwanangu," alisema, "ukinisemea, nisemee mimi huyu, na usahaulifu wangu. Usimsemee bibi unayemtaka. Huyo hana ugonjwa, lakini huyo hakupendi. Anayekupenda ni mimi."