Besi ya Sufi

"Na mizigo yangu itakaa wapi? Kichwani kwako?"

Kituo cha chapa, yaani magari madogo ya abiria, cha Palma kilikuwa kimefurika asubuhi ile. Ilikuwa miaka ambayo habari ya gesi ya baharini ilianza kuleta watu: mafundi kutoka Nampula, makarani kutoka Maputo, wageni wenye kofia ngumu ambao hakuna aliyejua wanalala wapi. Madereva waligombea abiria, na vijana walipanda gari lenye muziki mkubwa zaidi.

Ussumane, dereva wa chapa ya Quionga, alishuka kumtazama aliyesema. Alikuwa msichana aliyejifunga kapulana ya njano yenye maua meusi, na leso ya rangi hiyohiyo kichwani. Nyuzi nyeupe za sufi zilikuwa zimemganda kwenye nyusi moja, kama mtu aliyezeeka upande. Miguuni pake palikuwa na magunia mawili yaliyojaa mito.

"Dada, nyuma kumejaa."

"Kumejaa nini? Mimi naona jeneza tu."

Abiria wakacheka.

"Si jeneza. Ni kasha la spika. Hebu sikiliza." Ussumane akafungua muziki. Kasha likanguruma, mlango wa nyuma ukagongagonga, vioo vikalia kama vikombe kwenye sinia.

Msichana alisikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama.

"Pole," alisema.

"Pole ya nini?"

"Besi yako ina pumu. Umeipeleka hospitali?"

Kituo kizima kiliangua kicheko. Ussumane aliona aibu, lakini mikono yake ilikuwa tayari imeyabeba magunia na kuyaweka kiti cha mbele. Njiani alijua kwamba msichana anaitwa Wahida, na kwamba anashona magodoro na mito pale Palma.

"Ndani ya kasha lako mna nini?" Wahida aliuliza.

"Hewa."

"Ndiyo maana. Chumba kitupu hukurudishia kila neno unalosema. Weka godoro ndani, uone kama kitakujibu tena."

Jumapili iliyofuata Wahida alikuja uwanjani Ussumane alikokuwa anaoshea gari, amebeba mfuko wa sufi safi iliyochambuliwa mbegu. Lourenço, fundi redio, alikuwa amekwisha lifungua kasha. Waliziba nyufa za mbao kwa gundi na vumbi la msumeno, ili hewa isivuje. Walibandika vipande vya tyubu kuukuu nyuma ya bati la mlango, ukaacha kugonga. Wahida alipanga sufi ndani kwa mikono yake, bila kuishindilia, kama anavyojaza mto wa bibi harusi. Kisha Lourenço akashika nyaya na kutikisa kichwa.

"Mano, ndugu yangu, spika zako umezifunga kinyume. Moja ikisukuma, nyingine inavuta. Zote zina nguvu, lakini zinafutana."

"Kumbe kama mama na shangazi jikoni," alisema Wahida.

Lourenço aligeuza waya wa spika moja, akapunguza kitufe cha amplifaya ambacho Ussumane alikuwa amekikaza mpaka mwisho. Muziki ulipowashwa, hakuna kilichogonga. Besi ilikuja chini, nene na safi, ikawapanda miguuni kabla ya kufika masikioni.

"Imepona," Wahida alisema kwa sauti ndogo.

Ussumane hakuwa anaitazama spika.

Baada ya hapo simu zao hazikukauka.

"Umelala?"

"Nimelala. Anayeongea nawe ni mto."

"Basi mwambie mto nampenda."

"Mto umesikia. Unauliza utakuja lini kwa mjomba wake."

"Nikipata betri ya pili, laazizi. Gari likitulia tu, nakuja."

Betri ya pili ilipatikana. Ikaja hamu ya spika kubwa zaidi, kwa sababu chapa nyingine ilikuwa nayo. Ussumane alikuwa mtu mwema, mswalihina, na hakuwa akimdanganya. Aliamini kweli kwamba besi ndiyo inayoleta abiria, na abiria ndio watakaoleta mahari. Lakini neno jema likicheleweshwa hugeuka kuwa deni mbele ya Mungu, na yeye hakulijua hilo.

Siku moja Wahida alipiga bila utani.

"Ussumane, kuna aliyeleta posa. Hamido, mwenye duka la vyombo Quionga. Si mtu mbaya."

"Umewajibu nini?"

"Mimi sijibu. Anajibu mjomba. Atafika hapa Ijumaa. Nimemwambia yupo mtu, ila ni wa kisiwa cha Macaloe, hana mzee hapa wa kumsemea. Kwa huruma yake amekubali kukusikia kwa simu. Baada ya swala nitakupigia, nimpe simu. Wewe sema neno moja: nipo. Mengine wazee wako watavuka waje kuyamaliza."

"Nipo tu?"

"Nipo tu. Neno hilo likikushinda, mpenzi, hata besi haitakusaidia."

Ijumaa ilipofika, Ussumane alivaa kanzu nyepesi yenye mfuko kifuani. Mlangoni mwa msikiti aliitoa simu sauti, akaacha mtetemo tu, akaswali, akaomba dua ndefu kwa ajili ya neno lile moja. Alipotoka alihesabu moyoni: mzee wa Quionga lazima ale kwanza, apumzike, ndipo azungumze. Simu itakuja karibu na alasiri. Bado kuna wakati.

Kituoni Lourenço alikuwa amekwisha funga spika mpya ndani ya kasha lilelile. Vijana walilizunguka gari.

"Washa, mano! Tuone!"

Aliwasha. Ardhi ilinguruma. Maji yaliyokuwa kwenye ndoo ya muuza samaki yalifanya viduara. Ussumane akahisi kifua chake kinatetemeka, kikanyamaza, kikatetemeka tena. Akaweka mkono juu ya mfuko, akawapigia wenzake kelele huku anacheka:

"Mnaona? Inaingia mpaka moyoni!"

Nyumba ya kina Wahida haikuwa mbali. Ndani, Mjomba Abacar alikuwa ameketi mkekani, hakula, hakupumzika, kwa sababu alitaka kuwapa watu wa Hamido jibu na kurudi Quionga kabla ya giza. Wahida alisimama kwenye pazia la chumba, simu sikioni. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Na alipokuwa anangoja, aliisikia besi ikipita kwenye ukuta wa udongo, safi, haina kikohozi hata kidogo. Aliijua kama mtu anavyoijua sauti ya mtoto wake. Sufi ile aliipanga yeye.

Yupo, alijisemea. Gari liko pale, na yeye yuko pale na wenzake. Simu inaita, naye ananichezea muziki.

"Mwanangu," Mjomba aliuliza, "yupo mtu, au hayupo?"

Wahida aliishusha simu.

"Hayupo, mjomba."

Muadhini alipoadhini alasiri, Ussumane alizima muziki kama ilivyo adabu. Katika ukimya ule ndipo alipoitoa simu. Jina la Wahida lilikuwa limejipanga kutoka juu mpaka chini. Alipiga, simu ya Wahida ilikuwa imezimwa. Hakwenda kuswali. Aliwasha gari, akaliacha mlangoni mwa uchochoro, akakimbia na viatu mkononi.

Alipofika barazani kwa kina Wahida alikuta wanaume wameketi, mikono imeinuliwa, Fatiha inasomwa. Ussumane alisimama pale pale. Hakufundishwa kuikata dua ya watu, wala hakujifunza baadaye. Akatupa viatu, akainua mikono pamoja nao, na ilipokwisha akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu alikuwa anahema:

"Amin!"

Akajipangusa uso. Mjomba Abacar alimgeukia.

"Karibu, mwanangu. Wewe ni nani?"

"Ussumane, mzee. Ussumane wa chapa."

Akamsogelea mzee.

"Mzee, dua ilikuwa ya nini?"

"Ya Wahida na Hamido," mzee alijibu, bila hasira. "Neno limetoka, na Fatiha imelifunga. Nawe umeitikia."

Nyuma ya pazia kitu kilianguka, kama mto. Hakuna aliyetoka.

Mwaka uliofuata, chapa ya Ussumane ilimpakia mwanamke mmoja sokoni Palma, amevaa buibui jeusi na mtandio wa zambarau, na mtoto mgongoni. Alikaa kiti cha mbele, kwa kuwa ndicho kilichobaki. Abiria wengine waliteremka mmojammoja, na minazi ya Quionga ikaanza kuonekana.

"Mbona muziki umezimwa?" Wahida aliuliza.

"Nimeuzoea hivyo."

"Niliisikia besi yako siku ile, Ussumane. Ukuta ulikuwa unatetemeka."

"Na mimi nilitetemeka. Simu ilikuwa hapa." Aligusa kifua. "Niliitoa sauti msikitini. Ikawa inatikisika, nami nikadhani ni besi."

Wahida aliutazama mkono wake pale kifuani. Kisha akacheka, na kicheko kikamvunjikia mdomoni, akajifuta kwa ncha ya mtandio.

"Kwa sufi yangu mwenyewe," alisema. Halafu: "Na ile amin? Niliisikia. Nilisema, amekuja kunipa mkono wa kwaheri."

"Nilikuta mikono imeinuliwa. Ningeingilia dua?"

"Hapana," Wahida alisema taratibu. "Ungeiingilia, nisingekuheshimu."

Gari lilipita kwenye mchanga, likayumba, likatulia.

"Hamido anakutunza?"

"Ananitunza. Usiniulize zaidi ya hapo, nisije nikamkosea mtu asiye na kosa."

"Basi nitaitoa ile sufi. Si haki nitembee nayo."

"Usiitoe. Besi itaanza kukohoa tena, watu watasema nilikufundisha vibaya."

Alishuka penye duka la vyombo, akamweka mtoto sawa mgongoni. Kwenye kioo cha gari aliacha kiganja chake kwa muda mfupi, akakiondoa.

"Mungu akusitiri, Ussumane."

"Amin," alisema, na mara hii alijua anaitikia nini.

Alirudi Palma bila abiria. Katikati ya njia, gari likiwa kimya, alihisi kitu kinatetemeka kifuani. Akakanyaga breki, akazima injini, akatia mkono mfukoni.

Mfuko ulikuwa mtupu. Simu ilikuwa mbele yake, juu ya dashibodi, alikokuwa akiiweka tangu Ijumaa ile, na kioo chake kilikuwa cheusi.