Asante Mama Hasidi

"Hebu nisomee tena hapo katikati," Bi Wanu alisema. "Miwani yangu nimeiacha chini."

Wanawake waliokuwa wakipiga vigelegele sasa hivi tu, wakitandika kitanda cha maharusi, kila mmoja aliganda na alichokishika: huyu foronya, yule chetezo. Kitandani umetandazwa mfarishi wa viraka vya kanga, mzito, umejaa sufi. Bi Wanu alikuwa hajamaliza kuwatambia wenziwe kwamba mkwe wake Nassra ameushona kwa mkono, uzi kwa uzi, na Ijumaa mwanawe Munir ataulalia.

"Amne, wewe ndiye mwenye macho. Soma."

Bi Amne, mdogo wake, aliinamia kitanda.

"Dada, tuutandue tu. Tutaweka shuka."

"Nimekwambia soma!"

"Asante mama," Bi Amne alisoma. Akasita. "Hasidi."

Kanga ile ya katikati Bi Wanu mwenyewe ndiye aliyeitoa sandukuni. Munir alimnunulia kwa mshahara wake wa mwanzo, imeandikwa ASANTE MAMA KWA MALEZI, na Nassra aliiomba ili aiweke moyoni mwa mfarishi, jina zima, lisikatwe. Sasa KWA MALEZI halipo. Mahali pake kimeshonwa kiraka cheusi chenye neno HASIDI, na kanga ile nyeusi mtaa mzima wa Mkunazini waijua ni ya nani. HASIDI HANA SABABU. Nassra akiivaa kila akienda sokoni.

"Ananiita mie hasidi?" Bi Wanu aliuliza, sauti imemkauka. "Kwenye kitanda cha mwanangu?"

Bi Amne alikwishapiga simu. Upande wa pili, nyumbani kwao Kiponda, Nassra alikuwa amenyoosha miguu, anapakwa hina.

"Naam, khalati, shikamoo," alimwamkia mama mdogo wa Munir.

"Usinishikamoo! Kama dada yangu humtaki, ungemwambia usoni. Ndiyo umwandikie matusi kitandani?"

"Matusi gani? Khalati, sikufahamu."

"Utanifahamu! Asante mama hasidi! Mbele ya watu wote hawa, mtoto wewe, huna hata..."

Nassra alisikia kishindo simuni. Akasikia wanawake wanapiga ukelele, na mtu anasema, "Mshikeni! Mshikeni kichwa!"

Simu ikakatika.

Bi Wanu alipigwa na kiharusi. Alirudi kutoka hospitali upande wa kulia umekufa na ulimi umefungika. Akili anayo, masikio anayo, macho yanamfuata kila anayeingia. Kusema ndiko hawezi.

Harusi ikavunjwa, na mji ukapata la kusema. Picha ya mfarishi ilipita simu kwa simu. Vibarazani watu wakasema kijana yule hakungoja hata kuolewa, keshamuua mama mkwe kwa uzi. Watoto wakimwona Nassra dirishani wanaimba, "Asante Mama Hasidi! Asante Mama Hasidi!" na kukimbia.

Wateja wake wa kushona mifarishi nao wakaanza kuja. Si kwa kuleta.

"Nassra mwanangu, nimekuja kuchukua vile vitambaa vyangu."

"Nshavikata tayari, Bi. Vinasubiri kuunganishwa tu."

"Nipe hivyo hivyo. Ulikuwa mfarishi wa mjukuu, na mie sitaki maneno kwenye kitanda cha mtoto."

Aliyebaki ni Munir, fundi cherehani, ambaye duka lake liko karibu na kwao Nassra. Nassra alikuwa akimwandikia tu kwa simu.

"Munir wallahi silo neno langu. Niamini."

"Nnakuamini. Lakini nyamaza kwanza. Mama yuko taabani."

"Ni khalati yako. Mfarishi ulikaa kabatini mwake mpaka siku ya kutandika. Tangu mwanzo alikuwa akisema mie si wa hadhi yenu."

Munir aliisoma. Alikaa, akaandika, akafuta, akaandika.

"Huenda."

Nassra alilishika neno lile kama mtu anayezama anavyoshika ubao. Huenda. Maana yake Munir yuko upande wake.

Mfarishi wenyewe ukarudi. Bi Amne alimtuma mtu autupe mlangoni, umefungwa ndani ya mfuko wa taka. Mama yake Nassra, Bi Salhiya, hakutaka hata kuufungua.

"Utie moto. Uchawi huo."

"Nitautia. Kwanza nautaka uniambie aliyeugusa."

"Nguo itakwambia nini, Nassra?"

Nassra alichukua wembe akaanza kufumua pindo.

Mfarishi hauna siri kwa aliyeushona. Kanga kwanza huzilowesha zitoke wanga, akazianika kivulini, akazipiga pasi, ndipo azikate kwa kipande cha boksi alichokipima. Viraka huviunganisha uso kwa uso. Juu viraka, kati sufi, chini bitana, kisha bandi, mishono mirefu ya mkono, inapita kushika tabaka zote. Na kila mshono wa ndani huulaza upande mmoja, kitambaa juu ya kitambaa, ili sufi isipate pa kuchungulia. Bibi yake alimfundisha hivyo, na yeye hajui kushona vingine.

Aligeuza bitana, akasukuma sufi pembeni, akatazama nyuma ya neno HASIDI.

Mshono ule ulipigwa kwa cherehani. Tena ulikuwa umepasuliwa kifundi, kingo zake mbili zimelazwa huku na huku kwa pasi, bapa, safi, kama mshono wa suruali.

"Nini?" Bi Salhiya aliuliza. "Mbona umeacha kufumua?"

Nassra aliwahi kumcheka Munir kwa mshono wa namna ile. Walikuwa dukani kwake, akamwambia, "Wewe ukishona mfarishi, sufi yote itakutokea." Munir akajibu, "Mshono usiopasuliwa si mshono, bibi. Mie fundi wa nguo za watu, si fundi wa magodoro." Walicheka mpaka mpita njia akachungulia.

Na mfarishi ulifika dukani kwake. Pindo peke yake ndilo alilompa apige kwa mashine, maana tabaka tatu zinaumiza vidole. Kingo zilikuwa bado wazi, na mabaki ya kanga, pamoja na vipande vya ile nyeusi, alimwachia kwenye mfuko. Munir ndiye aliyesema, "Usijisumbue kurudi, nitampelekea mama mwenyewe."

Nassra alikunja mfarishi, akavaa buibui.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Bi Wanu."

"Watakupiga!"

"Wanipige."

Mlangoni alikutana na Bi Amne, mikono kiunoni.

"Una uso wa kuja hapa?"

"Shikamoo, khalati. Nimekudhania vibaya. Nimekuja kukutaka radhi."

Bi Amne hakutegemea lile. Mikono ikashuka.

"Kunidhania nini?"

"Nipishe nipite. Utasikia mwenyewe."

Juu, Munir alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji, anamlisha mama yake. Alipomwona Nassra na mfuko ule, kijiko kiligonga bakuli.

"Nassra. Si wakati wake huu."

"Shikamoo mama," Nassra alimwambia Bi Wanu, akapiga magoti. Macho ya mgonjwa yalimgeuka, yakatazama ukutani. Nassra alilimeza. Akautoa mfarishi, akaupindua, akauweka mapajani mwa Munir.

"Mshono huu wa nani?"

"Sijui. Mie niliupiga pindo tu."

"Mimi nnalaza wapi mshono wangu?"

"Nassra, mama anaumwa..."

"Jibu. Nnaulaza wapi?"

"Upande mmoja."

"Na huu?"

Bi Amne alisogea, akainama, akapapasa kwa kidole.

"Munir, humu ndani hamna cherehani," alisema. "Mie hata sindano sina. Nani aliyefanya hivi?"

"Khalati, mambo haya hayataki haraka..."

"Mji mzima utasema mimi ndiye niliyeuchezea mfarishi kabatini mwangu! Sema!"

"Nilitaka mama amkatae yeye!" Munir alipaza sauti, kisha ikamwishia. "Amkatae yeye, si mimi."

Nassra alikaa chini kwenye mkeka.

"Kwa nini?"

"Kuna mtu Mwanakwerekwe. Anauza majora ya vitambaa, nnanunua kwake. Anaitwa Ilham. Hakujui, lakini alikwishasema hataki ukewenza."

"Ungeniambia."

"Mama alikupenda mno. Angesema ama Nassra ama usiniite mama. Nikaona akilisoma neno lile atakasirika, atavunja mwenyewe, basi. Watu watasema siku mbili watasahau. Nilijua mie yatakuja haya?"

"Nimekuandikia kuwa ni khalati yako. Ukanijibu huenda."

"Ningesema nini tena?"

"Nilikupenda, Munir. Ungenambia sikutaki, ningelia, ningenyamaza. Umenitia neno kinywani nimtukane mama yako. Mpaka leo watoto wananiimba."

Hapo waliisikia sauti. Bi Wanu alikuwa analia, nusu ya uso wake inalia na nusu imetulia. Munir aliruka akamshika mkono.

"Mama, nisamehe. Mama, nilikosea. Nipe radhi yako."

Alichukua kijiko, kama kwamba uji ungeweza kurudisha mambo nyuma, akampelekea mdomoni. Bi Wanu alifumba mdomo. Uji ukateremka kidevuni. Akajaribu tena. Ukafumbwa tena, midomo imebanwa mpaka ikawa myeupe.

"Mpe yeye hicho kijiko," Bi Amne alisema.

Nassra alikichukua. Akachota uji, akaupoza kwa pumzi. Bi Wanu akafungua mdomo.

Ikawa hivyo. Kila siku Nassra alikuja kumlisha, kumgeuza, kumpaka mafuta mgongoni asitoke vidonda. Munir akija na kijiko, mama anafumba. Akija na maji, anafumba. Alianza kusimama mlangoni tu, anaangalia mama yake akila kwa mkono wa mwanamke ambaye yeye alimwacha. Bi Amne naye alizunguka kibaraza hadi kibaraza kusema ukweli, lakini ukweli hauna miguu kama uongo. Watu walisikiliza, wakatikisa vichwa, na watoto wakaendelea na wimbo wao.

Bi Wanu alifariki asubuhi, kichwa chake kiko mkononi mwa Nassra. Munir alikuwa amekaa upande wa pili, ameshika bilauri ya maji. Mama hakuyakubali hata tone.

Baada ya hitima, wanawake wangali wamejaa ndani na vyungu havijaoshwa, Munir alimwita Nassra ngazini. Amekonda, kanzu inamning'inia.

"Nassra, nnakuomba jambo moja."

"Sema."

"Kwao Ilham wamesikia. Mama yake anasema hampi mwanawe mtu aliyefiwa na mama bila radhi. Anasema balaa litamfuata mpaka kwa wajukuu."

"Kwa hiyo?"

"Wewe ndiye uliyekuwa naye mpaka mwisho. Wewe tu ndiye wa kuaminiwa. Mwambie kuwa mama alinipa radhi. Hata kwa ishara. Hata kwa jicho."

"Munir. Hata leo?"

"Nishapoteza mama, nishakupoteza wewe. Usinifanye nikose na huyu. Neno moja tu, Nassra. Utakuwa umenirudishia maisha."

Nassra alimtazama. Na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote: bado alikuwa anampenda. Akitaka kumfuta machozi. Akijua kwamba akisema ndiyo, Munir atakwenda zake, ataoa, atazaa, na yeye atabaki Kiponda na jina lake la nyimbo. Akijua pia kwamba akisema ndiyo, hakuna atakayemlaumu. Maiti hasemi.

"Mpigie," alisema.

Munir alibonyeza kwa vidole vinavyoteleza, akaweka sauti ya nje.

"Halo? Munir?"

"Ilham, nipo na Nassra. Zungumza naye."

Ikaja sauti ya msichana, ndogo, ya adabu.

"Dada Nassra, pole kwa msiba."

"Nishapoa."

"Dada, mie nnakuogopa hata kukuuliza. Najua nilivyokukosea ingawa sikujua. Wallahi hakunambia kuwa ana mchumba. Lakini mama hapa anasema nikuulize wewe. Bi Wanu alimpa radhi mwanawe?"

Munir alikuwa ameunganisha mikono mbele ya kifua, kama mtu anayeomba dua.

"Ilham," Nassra alisema. "Alikuwa hawezi kusema, ulimi umefungika."

"Nimesikia. Lakini kwa ishara?"

"Kwa ishara alisema. Kila akipelekewa kijiko na mwanawe, alifumba mdomo. Na siku ya kufa kwake mwanawe alimpa maji. Akafumba."

Munir alisema "Nassra!" kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa.

"Siongezi neno, sipunguzi," Nassra aliendelea. "Moyoni mwake Mungu ndiye anayejua, pengine alisamehe. Mie nimekwambia nilichokiona."

Upande wa pili ikaja sauti nyingine, ya mtu mzima, karibu na simu: "Umesikia, mwanangu. Kata."

"Ahsante, dada," Ilham alisema. Ikakatika.

Munir alishuka ngazi akakaa chini kabisa, kichwa magotini. Nassra alitaka kushuka. Mguu mmoja ulishuka kweli, ngazi moja. Ukasimama pale.

Juu, Bi Amne aliita.

"Nassra! Nani yuko huko nawe?"

"Hakuna mtu, khalati," alijibu, akageuka kupanda. "Nnakuja."