Jumatano Aliyoibuni Sekela

Kila jioni Sekela alipotoka shule alivua sare, akafua soksi zake, kisha akamsaidia mama yake kupika. Waliishi Goba, kwenye nyumba iliyo juu ya mteremko. Baada ya chakula alitakiwa kuandika mistari mitatu kwenye daftari: nini kimetokea leo, amejisikiaje, na jambo gani limempa faraja. Kazi hiyo ya wiki nne walipewa na Mwalimu Clara wa darasa la sita, kwa sababu tangu mitihani ikaribie wanafunzi wengi walilalamika kuumwa kichwa na kukosa usingizi.

"Sitasahihisha," aliwaambia. "Andikeni siku zenu kama zilivyokuwa."

Sekela aliandika siku mbili, akachoka. Jumapili moja mchana, alipotoka kanisani, akakumbuka kwamba kesho yake wangetakiwa kwenda na madaftari darasani. Akachukua kalamu tatu za rangi tofauti, akawa anabadilisha kila baada ya kurasa chache. Ukurasa mmoja akaudondoshea chai ili uonekane wa zamani. Kufikia saa kumi alikuwa amebuni siku ishirini na sita, zote za furaha.

Jumatatu Mwalimu Clara aliuliza nani yuko tayari kuwasomea wenzake ukurasa mmoja. Sekela akanyoosha mkono, akasoma kwa kujiamini:

"Jumatano, tarehe kumi na mbili. Leo mimi na Badriya tulicheza rede wakati wa mapumziko. Tulicheka mpaka mbavu zikauma."

Badriya, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, aligeuka akamtazama. "Tarehe kumi na mbili sikuja shule," alisema taratibu. "Siku hiyo tulimzika bibi yangu."

Masikio ya Sekela yaliwaka moto. Alitamani agombezwe yaishe, lakini mwalimu alisema tu, "Kaa chini, Sekela." Badriya akakusanya vitabu vyake, akahamia dawati la nyuma.

Nyumbani Sekela hakugusa chakula.

"Kuna nini, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Tumbo tu, mama."

Hata hilo lilikuwa uongo, na aibu ikazidi. Akaenda kukaa barazani na daftari lake. Akaandika: "Leo nimeumbuka. Bibi yake Badriya alifariki, mimi nikaandika kwamba tulicheka." Akaikumbuka Jumatano yenyewe. Kisha akaongeza: "Siku ile nilifurahi kupata dawati peke yangu. Sikujiuliza yuko wapi."

Kuyaona maneno hayo kulimuuma. Hata hivyo usiku huo alilala. Jumanne akaandika tena, na Jumatano pia. Alhamisi mstari wake ulikuwa mfupi: "Kesho nitamwambia."

Ijumaa wakati wa mapumziko alimfuata Badriya karibu na bomba la maji. "Nisamehe," alisema. "Nilibuni daftari zima. Tena siku ile sikukuulizia hata kidogo."

Badriya alitazama viatu vyake. "Sikuumia kwa sababu ya daftari. Nilirudi Jumatatu iliyofuata, wewe ukaniomba rula tu."

"Nilikosea sana," alisema Sekela. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi yako alikuwaje?"

Badriya akaanza kusimulia jinsi bibi alivyompikia visheti kila Ijumaa, akimfichia vile vilivyoiva zaidi. Alilia kidogo. Sekela akamsikiliza mpaka kengele ikagongwa.

Mchana alikwenda ofisi ya walimu na daftari lake. "Shikamoo, Mwalimu. Zile siku ishirini na sita nilizitunga."

"Marahaba. Nilijua tangu Badriya alipokujibu," alisema Mwalimu Clara. "Nilikuwa nakusubiri. Na hizi kurasa mpya?"

"Ni za kweli. Ila zina aibu, Mwalimu."

"Aibu si ugonjwa, Sekela. Imekuonyesha ulipokosea, nawe ukaenda kurekebisha. Siku ukiiandika kama ilivyokuwa, hata ikiwa mbaya, moyo unapata pa kupumulia na akili inajua la kufanya. Siku za kubuni zilinipendeza mimi kwa dakika moja, lakini wewe zilikufanya usimwone rafiki yako. Endelea kuandika, na usiniletee. Daftari hili ni lako."